Usimpe Namba Ukaondoka

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na amenikumbusha mara mbili kwamba mwaka jana nilitumia arobaini. Nimesikia, mwenyekiti.

Takwimu mnazijua, sitazirudia sana. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, na waliojaribu wakabaki hai ni wengi kuliko hao. Mimi leo nimekuja kugombana na maneno mawili tu: "Tafuta msaada."

Tunayasema kwa roho safi kabisa. Mtu anakwambia amechoka kuishi, unaumia, unamjibu, "Pole ndugu yangu, tafuta msaada." Kisha unashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Ni kweli umeutua, ila umeutua kichwani kwake. Kutafuta ni kazi, jamani! Ni kuulizia, kupanga foleni, kumweleza mgeni mambo yako ya ndani, kuambiwa njoo wiki ijayo, kuanza upya kwingine. Kazi hiyo unampa mtu ambaye asubuhi hii hata kuoga kumemshinda.

Simnyooshei mtu kidole. Bingwa wa kosa hili nilikuwa mimi. Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha nilikuwa na karatasi yangu, nimeichapa mwenyewe, ina namba tatu za simu za msaada, nimezipigia mstari. Nikijivunia karatasi ile! Akaja mama mmoja, amefiwa na mume, usingizi umepotea, anaongea akitazama sakafu. Tukazungumza kama nusu saa, nikampa karatasi. "Ukizidiwa, piga wakati wowote." Akaikunja mara nne, akaiingiza ndani ya kava la simu yake. Mimi nikaandika kwenye faili: amepewa rufaa. Nikaita mwingine.

Mwaka ukapita, tukakutana. Akatoa karatasi ile ile, imelika kwenye mikunjo, akanisimulia. Usiku mmoja alizidiwa kweli, saa nane usiku. Akapiga namba ya kwanza: haipatikani. Ya pili ikapokelewa na mashine, bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri. Ukaanza muziki. "Mwalimu," akaniambia, "ulikuwa muziki wa harusi."

Chekeni tu, hata yeye alicheka akinisimulia. Usiku ule hakucheka. Muziki ulipigwa mpaka salio likaisha. Namba ya tatu hakuipiga. Alisema, "Niliona hata hawa waliowekwa kwa ajili ya watu kama mimi, hawanitaki."

Yaani mtu alikuwa na wazo kwamba hatakiwi duniani, nami nikampa ushahidi, umechapwa na kupigiwa mstari.

Aliyemvusha ni wifi yake, fundi cherehani. Alifika asubuhi yake, hakuuliza "unaendeleaje". Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akaanza kukunja nguo zilizorundikana kitini siku nyingi. Alipofika shuka ya tatu, bila kuinua macho, akauliza: "Wifi, unawaza kujiua?" Kimya. Akakunja nyingine. Ndipo likaja jibu: "Ndiyo." Wifi hakupiga kelele, hakusema "usitamke hivyo, una watoto". Alisema, "Ahsante kwa kuniambia. Leo siondoki." Akatafuta namba inayofanya kazi, akaweka simu kwenye spika, na aliyeanza kuongea ni yeye: "Niko na wifi yangu hapa. Kuongea kunamshinda. Naomba nianze mimi, nikikosea atanirekebisha."

Nimehudhuria kozi nyingi, sikuwahi kufundishwa sentensi inayoizidi hiyo. Kwa mtu aliyezidiwa, mlima ni ile sentensi ya kwanza, kumwambia mgeni, "Nina shida." Akishapandishwa hapo, mengi huteremka yenyewe.

Najua kuna mkono unataka kunyooshwa kule nyuma, maana swali hili hunifuata kila ninakokwenda: ukimuuliza waziwazi hivyo, si utampa wazo? Hapana. Watafiti wamelichunguza jambo hili miaka mingi, na hawajaona kwamba kuuliza kunapanda wazo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Mwenye wazo analo tayari, analala nalo na kuamka nalo. Asiye nalo atakutazama, "Wewe vipi leo?", mtacheka, yamekwisha. Ila uliza vizuri. Usiulize, "Wewe huwezi kuwaza mambo ya kijinga, au sivyo?" Hapo umeshamwambia jibu unalolitaka, na atakupa hilo hilo.

Mwingine atasema, mimi si daktari. Vizuri, wala hutakiwi kuwa. Mwaka 1953 pale London, padri mmoja wa Kianglikana, Chad Varah, alifungua laini ya simu kwa watu waliokuwa wanafikiria kujiua. Watu wakaja kwa wingi. Akapata watu wa kujitolea wawaandalie chai na kukaa nao wakisubiri zamu ya kumwona yeye, mtaalamu. Baada ya muda akagundua kwamba wengi wakishakaa na hao watu wa chai, hawana tena haja ya kumwona yeye. Hebu fikirieni hilo linavyouma kwa mtaalamu! Lakini hakununa. Ilipofika Februari 1954 akawakabidhi kazi yenyewe. Ndiyo Samaritans hiyo ya leo, shirika la Uingereza la simu za kuwasikiliza waliozidiwa. Na Harare, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi kumi na wanne wa kawaida, akawafundisha, akawaketisha kwenye mabenchi wasikilize watu. Kazi ile ikapimwa baadaye kitaalamu, ikaonekana inasaidia.

"Huyo anatafuta huruma tu." Basi mpe! Unaiwekea akiba ya nini?

"Aombewe." Aombewe, nimeona sala ikimtuliza mtu mbele ya macho yangu. Lakini aliyevunjika mguu tunamwombea tukiwa njiani kwenda hospitali, hatumwachi sakafuni mpaka tumalize.

Mwenyekiti anagusa saa yake. Nakimbia.

Simu ya msaada si mtego. Nyingi hazikulazimishi kutaja jina lako. Watakuuliza kama upo salama sasa hivi, kisha watakusikiliza. Na huhitaji kuwa wewe mwenye shida, unaweza kupiga kuuliza namna ya kumsaidia mwenzako. Ukipata anayejibu vibaya, na wapo, kata, piga tena au piga kwingine. Aliyekosea ni yeye, usijihukumu wewe.

Kama mtu ameshajidhuru, au ameshapanga na anacho cha kutumia, hapo si pa ushauri nasaha tena. Usimwache peke yake hata kidogo, weka mbali naye kile anachoweza kujidhuru nacho, ita gari la dharura au mpeleke mwenyewe hospitali. Akikuomba iwe siri, mwambie kwa upole kwamba hiyo huwezi kuitunza. Atakununia. Akununie akiwa hai.

Dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, hazifanyi kazi siku ya pili. Huchukua wiki mbili, nne, pengine zaidi, na wengi huziacha mapema. Wasiziache bila kuongea na daktari. Hilo lilistahili mhadhara wake, basi.

Moja tu la mwisho, mwenyekiti, hili silirushi. Siku za mwanzo baada ya mtu kutoka wodi ya akili ni za hatari sana, na ndizo siku ambazo sisi wageni tumeshaacha kuja. Jerome Motto, daktari wa San Francisco, alichukua wagonjwa 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kutaka kujiua, na ambao baada ya kutoka hawakuendelea na matibabu. Nusu yao akawa anawaandikia barua fupi, mistari michache: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Hakudai kitu, hakusema "njoo kliniki". Waliopata barua walijiua wachache kuliko wenzao, hasa miaka miwili ya mwanzo. Barua tu! Nanyi mna simu mikononi, mnatumiana picha za maua kila asubuhi.

Haya, namaliza, msisimame. Toeni simu. Kila mmoja atafute namba ya msaada anayoitegemea, aipige sasa hivi, hapa hapa. Msiogope kumsumbua aliyeko zamu: ikipokelewa, sema "nilikuwa nahakikisha kama namba inafanya kazi, ahsante", ukate. Isiyopatikana ifuteni. Na atakayewekewa muziki wa harusi aje aniambie, nitakuwa pale mlangoni.