Jinsi ya kusoma algorithimu: kalamu kwanza, kibodi baadaye

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunasoma algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, pamoja na wanafunzi wa kompyuta wa ngazi ya juu. Simu iweke mbali, fungua daftari. Hayo mnayajua, tusonge.

Tunachukua kwiksoti (quicksort), mbinu ya kupanga data aliyoichapisha mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1961. Naipenda mno: ni fupi, lakini imebeba mengi. Soma maelezo yake mara moja, taratibu, kisha funika kitabu. Sasa andika hatua zake kwa kichwa. Utakwama. Kaa hapo hapo, usifunue! Mkono utataka kukimbilia kitabu au jibu la mtandaoni, uzuie. Ukiliona jibu mapema utadhani umeelewa, kumbe umelitambua tu, na kwenye mtihani kulitambua hakukusaidii. Nasema tena, usifunue mpaka uwe umeandika kitu, hata kama ni nusu.

Njooni kwenye karatasi. Ngoja, kivuli cha mkono kinaziba namba... nainua taa kidogo. Mnaona sasa? Haya. Andika 1, 2, 3, 4, 5. Pivoti, yaani namba tunayoilinganisha na zingine ili ndogo ziende kushoto na kubwa kulia, iwe namba ya kwanza kila mara. Tunailinganisha 1 na zilizobaki: mara 4. Kushoto hakuna kitu, kulia zimebaki nne. Pivoti 2, mara 3. Halafu mara 2, halafu mara 1. Jumla 10.

Rudia, pivoti iwe ya katikati, yaani 3. Mara 4, kisha kila upande una namba mbili: mara 1, mara 1. Jumla 6! Data zilezile. Zikiwa namba 1,000 zilizokwisha kupangwa, na unashika ya kwanza kila mara, unalinganisha mara 499,500. Ukishahesabu kwa mkono wako, ile n kipeo cha pili ya darasani, yaani kazi kukua kwa mraba wa idadi ya namba, huisahau.

Sasa kibodi. Lakini kabla ya kuendesha programu inayohesabu ulinganisho huo, andika jibu unalolitarajia. Kabla, jamani, siyo baada! Mimi natumia kalamu ya wino, kwa sababu haifutiki. Programu ikitoa 14 badala ya 10, usibadilishe msimbo kwa kubahatisha. Kagua kitanzi, ile sehemu ya msimbo inayojirudia: huenda kinailinganisha pivoti na yenyewe.

Kurudia ni kwepesi: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kila mara kwenye karatasi tupu. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunachojifunza hupotea haraka tusipokirudia, na kwamba kurudia kwa vipindi kunashinda kukesha usiku mmoja.

Zoezi: andika 3, 3, 3, 3, 3, zinazolingana na pivoti ziende kulia. Niandikieni jumla hapo chini kabla hamjaigusa kompyuta.