Kisiwani kwetu habari ilikuwa maji, sio meli

Assalaam aleikum, wazee wangu shikamooni, na nyie vijana mliojazana mlangoni njooni mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee visiwa vya delta ya Rufiji nilikozaliwa, na najua kabisa nusu yenu mmekuja kusikia ile meli ya Mjerumani. Haya tuimalize hiyo kwanza.

Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, injini zikawa mbovu, ikarudi kujificha ndani ya mikoko yetu. Waingereza wakaitafuta wee mpaka wakaiona, wakaziba midomo ya mto, mwisho wakaleta meli mbili zinazoweza kuelea kwenye maji haba, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 habari yake ikaisha. Wajerumani wakaopoa mizinga 10 wakaenda nayo bara kupigania, mmoja upo Fort Jesus Mombasa, ukifika kautazame. Ila kuna kitu huwa kinarukwa. Ilivyokuwa imejificha, vyombo vya boila vilifunguliwa vikaburutwa nchi kavu mpaka Dar kutengenezwa halafu vikarudishwa, sasa nani aliburuta? Ni watu weusi, kwa kamba na mabega. Nahodha Looff jina lake tunalo, la mvuta kamba hata mmoja sijawahi kulisikia, na bibi yangu ambaye alikuwa anajua nani kamuoa nani vizazi vinne nyuma hakuwa nalo.

Manake bibi ukimuuliza ya zamani haanzi na meli, anaanza na maji.

Niwaeleze. Delta bahari inapanda mtoni mara mbili kila siku, kwa hiyo unaishi kisiwani umezungukwa na maji kila upande na ya kunywa huna. Masika mto una nguvu, unachota hapo hapo gatini. Kiangazi ndo kazi, tena siku za bamvua, bahari inapojaa sana, chumvi inapanda mbali kweli, afadhali maji mafu, inapojaa kidogo. Basi tunaamshwa usiku, tunaingia kwenye mtumbwi na ndoo, tunapanda mto pamoja na maji kujaa, huku mtu na kafi lake, huku usingizi. Tukifika bibi anachota kwa kiganja, anasukutua, anatema. Akisema "bado" hakuna kushusha ndoo, tunasonga mbele tena. Mimi nilikuwa naonja maji yale yale siioni hiyo chumvi, yeye anaiona.

Na kurudi lazima uwahi kupwa. Siku moja mimi na kaka tulikaa kuchezea kaa, tukakata njia ya mkato kwenye kijito, maji yakatuacha. Mtumbwi umelala juu ya tope, ukishuka unazama mpaka mapajani, mbu wanatugawana, tukakaa mle mpaka maji yaliporudi na hapo ndoo moja tumeshainywa. Kufika nyumbani bibi hakutupiga, alipima tu ndoo kwa macho, ningependa angetupiga.

Sasa hapo ndo historia yenyewe ilipo. Miaka ya 70 mafuriko yalikuja mto ukabadili njia, maji mengi yakahamia matawi ya kaskazini, kusini chumvi ikazidi mpunga ukakataa. Watu wakafuata maji. Ukisikia familia fulani ni wageni kisiwa fulani, mara nyingi sio vita wala uchawi (ingawa uchawi nao utatajwa tu), ni mto umewahamisha. Huko kaskazini wakakata mikoko walime mpunga, miaka ya mwanzo kaa anakata miche unarudia kupanda, kaa akipungua yanakuja majani, shamba linachoka unasogea unakata tena. Watu wa misitu wanatuita waharibifu, na kukata tumekata kweli siwezi kuwadanganya, ila mbona hawaanzii kwenye mto uliohama?

Hata miti ya mikoko ilikuwa ramani yetu. Mlilana unasimama mbele kabisa bahari inapogonga, msikundazi ukianza kuuona ujue maji matamu hayako mbali, ndoo zikae tayari.

Desemba 2022 walianza kujaza Bwawa la Nyerere huko juu ya mto. Sipingi umeme, hata hii maikrofoni inautumia. Mimi nauliza tu chumvi siku hizi inafika wapi kiangazi, na nimewauliza akina mama wa nyumbani, kila mmoja ana jibu lake la kijito chake, anakutajia mpaka mti. Nimeanza kuyaandika kwenye daftari, niko ukurasa wa kumi na kitu.

Haya maswali. La dhahabu ya kwenye meli sijibu.