Kitu Kifunguke Tena

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, hamjambo. Naona humu ndani wapo walionisikia zaidi ya mara moja, na baadhi yao wameshaanza kucheka hata sijafungua kinywa. Chekeni tu. Leo tena nimekuja kuzungumzia gundi.

Sitapoteza muda kueleza kwa nini tupambe nyumba kwa mbao za zamani, chupa tupu, fremu zilizotupwa na mapazia ya mtumba. Kama hilo lingekuwa geni kwenu, msingefika hapa. Mnajua vitu hivyo ni rahisi kupatikana, na mnajua mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka mingi imeshatulia, haipindipindi kama ile iliyotoka kupasuliwa juzi. Tuanzie mbele ya hapo.

Itazameni chupa hii. Aliyeipamba yumo humu, na nimemwomba ruhusa niiseme vibaya. Amezungusha kamba ya katani toka chini mpaka shingoni, kila mzunguko na tone lake la gundi ya moto, ile ya bunduki. Juu akabandika shanga, kisha akapulizia rangi ya dhahabu. Inapendeza, sibishi. Sasa siku kamba ikijaa vumbi na rangi ikaanza kubanduka, itakwenda wapi? Kabla ya kupambwa, kioo kile kingeweza kuyeyushwa kikawa chupa nyingine, na baadaye nyingine tena. Katani ingeoza ardhini bila kumdhuru mtu. Shanga zingetungwa upya. Leo vyote vitatu vimeshikana kwa plastiki, maana gundi ile ni plastiki iliyoyeyushwa, na sidhani kama kuna mtu atakayekaa chini na kisu kuvitenganisha. Tumechukua vitu vitatu vizima tukatengeneza taka moja, halafu tunapigana picha kwamba tumeokoa mazingira!

Najua mnachosema moyoni: mzee huyu hapendi urembo. Napenda sana. Kamba ileile ingefungwa kwa fundo juu na fundo chini, ikakaza, ikapendeza, na siku ya kuifua ukaifungua. Ningekuwa sina la kusema na mngekuwa mmeshakwenda nyumbani.

Kuna habari ya viti viwili. Wengine mnaijua kuliko mimi, vumilieni. Vilikuwa vya seti moja, vimetoka nyumba moja, na vyote miguu ilikuwa inacheza. Cha kwanza hakikuguswa na mtu tangu kitoke kwa seremala wake. Yule bwana aliunga kwa gundi ya kale, inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Nilidondoshea maji ya moto kwenye maungio, nikafunika kwa kitambaa kibichi, nikasubiri, nikarudia, nikagonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Mguu mmoja ukaachia, wa pili ukafuata. Vyote vikatoka vizima, kila ulimi na tundu lake, kana kwamba vimetengenezwa asubuhi ile. Nikakwangua gundi iliyochakaa, nikapaka mpya ya aina ileile, nikabana. Kiti hicho kipo, kimekaa karibu na dirisha, kinabeba vyungu vya maua, na hata mtu mzito akikikalia hakilalamiki.

Cha pili kilikuwa kimeshapita mikononi mwa mtu mwenye huruma. Alikionea huruma akamwaga epoksi, gundi ya kemikali inayoganda ngumu isilainike tena, kwenye kila ungio, na kwa kuwa hakuiamini epoksi, akaongeza misumari. Mguu mmoja ukagandia upande. Kuunyoosha, lazima utoke kwanza. Kuutoa, maji ya moto hayakusaidia kitu, mvuke haukusaidia kitu, na nilipotia nguvu, mbao ilipasuka, gundi ikabaki palepale imekenua. Nilichopata ni vipande vya mgongo wa kiti, nikavifanya ubao wa kutundikia makoti. Ni ubao mzuri. Lakini tulikuwa na kiti.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponielewa vibaya. Sisemi ya kale yote ni bora. Gundi ya ngozi inachukia unyevu, bafuni haifai hata kidogo. Ninachosema ni kwamba yule seremala wa kwanza alijua kiti kitalegea. Alikubali kwamba kazi yake itahitaji mkono wa mtu mwingine, mtu asiyemjua, akamwachia njia ya kuingilia. Yule wa pili alitaka kumaliza. Na sisi tunaofanya kazi na vitu vilivyotumika, ambao riziki yetu yote ni vitu vilivyofunguka, tunafungaje kwa namna ambayo anayekuja baada yetu hatapata kitu?

Mtu ataniambia gundi ina nguvu kuliko skrubu. Mara nyingine ni kweli. Rafu ya vitabu inahitaji nguvu kiasi gani? Fremu ya picha je? Mnaitundika fremu au mnaning'iniza ng'ombe?

Mwingine atasema skrubu inaonekana, inaharibu sura. Basi izamishe, uifunike kwa kizibo cha mti, au tumia ya shaba uiache iwe pambo. Tena kuna jambo ambalo gundi haiwezi na skrubu inaweza. Mbao halisi, si plaiwudi, hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika unyevu, na hufanya hivyo kwa upana wake, si kwa urefu. Ukibandika uso mpana wa meza kwenye fremu yake kwa gundi pande zote, umeifunga isipumue, na siku moja utasikia mlio, utakuta ufa. Toboa matundu marefu kidogo kwenye fremu, pitishia skrubu na washa, kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu, na uso utateleza upendavyo. Maseremala wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Sisi tumeacha kwa sababu video ya dakika moja haina nafasi ya kutoboa.

Na msidhani haya ni mambo ya mafundi maskini. El Anatsui, msanii wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hutengeneza mapazia makubwa ya ukutani kwa vifuniko vya chupa za pombe. Maelfu kwa maelfu, vimepondwa, vimekunjwa, na vimeunganishwa kwa waya wa shaba. Kwa waya! Ndiyo maana kazi yake inakunjwa kama nguo ikasafirishwa, na kila inapotundikwa inaweza kupewa mikunjo mipya. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Kabla yake Picasso, yule mchoraji mashuhuri wa Hispania, mwaka 1942, alichukua tandiko la baiskeli na usukani wake akatengeneza kichwa cha fahali, na mwenyewe aliwahi kusema angefurahi siku moja mtu akiokota kichwa kile akakigeuza tena kuwa usukani. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka. Nyinyi mnaniambia hamuwezi kufunga kamba bila gundi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine, nitayapitia mbiombio, ingawa haya ndiyo yanayoumiza watu.

Mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Kabla hujalibeba paleti, tafuta muhuri: shuke la ngano na herufi IPPC pembeni, alama ya mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, basi. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromaidi, sumu ya kuulia wadudu, iache hapohapo. Na HT haikwambii kilichomwagika juu ya paleti baadaye. Lina doa la mafuta au harufu usiyoijua? Liache. Mataruma ya reli yaliyolowa kriosoti, dawa nyeusi yenye sumu ya kuzuia mbao isioze, hayaingii ndani ya nyumba, hata kama yanapendeza kama benchi.

Rangi ya zamani. Inaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, kwingine ilichelewa zaidi. Usiipige msasa mkavu, vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Peleka kipande kipimwe, na kama huwezi kupima, chukulia kwamba ipo.

Matambara yenye mafuta ya kitani. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa likatupwa kwenye kona huweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti. Lianike limetandazwa nje, au liloweke kwenye maji. Nimemaliza hilo, lakini ukilisahau lingine lolote, usilisahau hilo.

Wadudu. Gonga mbao juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mpya kutoka kwenye vitobo, wenyewe bado wamo. Vitambaa vya mtumba vinavyovumilia, vifue kwa maji ya nyuzi 60 kabla havijavuka mlango, kwa ajili ya kunguni.

Taa za chupa na mitungi sitazigusa leo. Zinahusu umeme, na umeme nitauzungumzia siku nitakayopewa saa nzima.

Maswali? Wewe najua unachotaka kuuliza, umekuwa ukinyoosha mkono tangu nilipoitaja chupa. Unataka kuniuliza habari ya mozaiki, yaani mapambo ya vipande vya vigae, maana vigae vilivyovunjika haviungwi kwa skrubu. Ni kweli, na sina ugomvi na mozaiki. Kigae kilichovunjika hakina pengine pa kwenda, kipe saruji yake. Ila usiibandike ukutani moja kwa moja. Ifanye juu ya ubao wa saruji, ubao uufunge ukutani kwa skrubu nne, na vichwa vya skrubu usivizibe. Ukihama, unahama nayo. Haya, mwingine.