Mzee Satisiksi: kumtafuta babu aliyekwenda vitani

Mwangaluka, wazee wangu, na shikamooni nyote. Asanteni kwa kunikaribisha hapa Tabora. Nawashukuru kipekee bibi zetu mliokaa mbele, maana nina shida nanyi kabla hatujaondoka.

Naanza na jina. Babu yangu mzaa baba, kule Urambo, aliitwa Mzee Satisiksi. Kijiji kizima kilimwita hivyo, nasi wajukuu tulikua tukidhani ni jina la utani tu. Akisukuma baiskeli kwenye mchanga alihesabu hatua, na akifika penye kivuli alisimama wima na kusema kwa nguvu: "Satisiksi!" Na mvua ikianza usiku, aliamka, akavaa viatu, akakaa kitandani hadi ikatike. Hatukumuuliza kwa nini. Alipofariki tukamzika na jina lake lile.

Miaka mingi baadaye nilikuwa napitia orodha ya vikosi vya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki ambalo wazee wetu waliliita Keya. Nikakuta batalioni ya 36, ya Tanganyika. Nikaitamka namba ile kwa Kiingereza, "thirty-six", peke yangu chumbani, na nikamsikia babu.

Namba ile ikanifungulia mengi. Batalioni ya 36 ilikuwa katika Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilikaa kwanza Seloni, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1944 ikaingia Burma, ambayo leo ni Myanmar, ikashuka bonde la Kabaw kwenye mvua zisizokatika, ikafika Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba. Nilipofika kwenye habari za mvua hizo ndipo nilipoelewa vile viatu.

Kila batalioni ilikuwa na shajara ya vita, ikiandikwa siku kwa siku. Shajara hizo zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Lakini mjue mapema: humo maofisa huandikwa kwa majina, askari kwa hesabu. Utasoma kwamba leo wamekufa wawili, wamejeruhiwa watano, basi. Usiende kule kutafuta jina la babu. Nenda kutafuta alikuwa wapi, na hilo utalipata tu kama kikosi chake unakijua tangu nyumbani.

Sasa, sisi wa huku tuna jambo la kuuliza kabla ya yote: babu alipigana upande gani? Vita ya kwanza, Tabora ilikuwa chini ya Wajerumani hadi tarehe 19 Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia wakitokea Kongo. Kigoma na Ujiji zilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921, ndipo Waingereza wakazichukua. Tena mwaka 1917 Waingereza waliunda upya batalioni ya 6 ya Keya wakiwatumia askari waliokuwa wa Mjerumani. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuvaa sare mbili katika vita hiyo hiyo. Mzee akikuambia babu alikuwa kwa Mjerumani, na mwingine akisema hapana, kwa Mwingereza, msigombane. Huenda wote wawili wanasema kweli.

Kama hamna tarehe, tumieni reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Muulize mzee: baba yako alikuwa na umri gani treni ilipofika? Alikuwa anachunga, au alikuwa ameshaoa? Jibu hilo litakuonyesha alifaa vita gani.

Na tahajia za majina zitawasumbua. Mjerumani aliyeandika Juma aliweza kuandika Dschuma. Mbelgiji akaandika Djouma. Wanyamwezi wengi tunatamka L pale wengine wanapotamka R, na karani aliandika alichosikia. Andikeni jina kwa namna zote hizo kabla ya kufungua jalada lolote.

Majalada yenyewe yana kisa, na kisa hicho ni cha mji huu. Vita ilipowasukuma Wajerumani kutoka pwani, nyaraka za serikali yao zililetwa hapa Tabora, zikafukiwa ardhini. Waingereza walizifukua baadaye, na sehemu kubwa leo iko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kumbukumbu za jeshi zilizokuwa kwao Potsdam hazikuwa na bahati hiyo: nyingi ziliteketea kwa mabomu Aprili 1945.

Nishani nazo zitazameni vizuri. Nyumbani kwetu kuna nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake una rangi nyekundu katikati, buluu na chungwa pembeni. Mbele imeandikwa Burma. Nyuma hakuna kitu. Nishani za Waingereza za vita ya pili zilitolewa bila majina, ila zile za vita ya kwanza mara nyingi zina jina na namba kwenye ukingo, kwa herufi ndogo sana. Pitisheni kidole pole pole, msizisugue kwa majivu!

Wapagazi ndio wanaoniuma. Hawakuwa na bunduki, wengi hawakupata nishani, na mara nyingi hata karatasi hawakupewa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wanyamwezi walibeba mizigo kuliko karibu watu wote wa nchi hii. Wamo humo, na majina yao yamebaki kwenye midomo ya wajukuu tu.

Ndiyo maana nawageukia ninyi, bibi zetu. Namba ya jeshi ya babu sikuipata Dar es Salaam wala London. Niliipata kwenye sanduku la bibi, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Alikuwa akiipeleka Bomani kuchukua fungu la mshahara wa mumewe. Na jina lililoandikwa pale si la babu tunalolijua, ni la mjomba wake. Alijiandikisha kwa jina la mjomba, na bibi peke yake ndiye aliyejua.

Kijana amekaa pale mlangoni na daftari. Bibi, kabla hujaondoka, mwambie mambo mawili: mama yako alikwenda Bomani kuchukua nini, na karani alipoita, aliita jina gani.