Mgeni Njoo, Stars Ipone

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari za michezo, Dar es Salaam)

Asanteni. Kaeni, kaeni. Shikamoo zenu nimezipokea zote, ingawa zimenizeesha kuliko nilivyoingia.

Nianze na hesabu ndogo. Januari 2024, kule Ivory Coast kwenye AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, Taifa Stars ilifungwa na Morocco 3-0, ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, ikatoka suluhu na DR Congo. Pointi mbili, tukafungasha mizigo. Desemba 2025, kule Morocco, tukafungwa na Nigeria 2-1, tukatoka 1-1 na Uganda, tukatoka 1-1 na Tunisia. Pointi mbili zile zile. Ila safari hii zilitosha: tuliizidi Angola kwa bao moja la kufunga, tukaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu, ndipo wenyeji wakatutoa 1-0.

Pointi za 2024 zilivunwa na mzawa, Hemed Suleiman, aliyeachiwa timu katikati ya mashindano. Za 2025 zilivunwa na Muargentina Miguel Gamondi, aliyepewa timu Novemba, mashindano yako mlangoni. Aliyeifuzisha ni huyo huyo Hemed, kwa bao la mshambuliaji Simon Msuva dhidi ya Guinea, Novemba 2024 pale Uwanja wa Mkapa. Sasa mkitoka hapa piteni kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo, ulizeni kati ya hao wawili kocha ni nani. Mtajibiwa haraka sana, na katika jibu hilo hamtasikia habari ya Angola wala ya bao moja.

Nimeombwa nizungumzie maoni ya watu kuhusu kocha wa kigeni katika timu ya taifa. Nimeyafuatilia maoni hayo miaka mingi, mengine nimeyachapa mwenyewe, na nitakiri hapa mbele. Ninachokiamini ni kwamba tunapobishana kuhusu mgeni, mgeni mwenyewe hayumo kwenye ubishi. Tunamwajiri kwa sababu sisi kwa sisi hatuaminiani, kisha tunamhukumu kwa kutoaminiana kule kule.

Chukueni Marcio Maximo. Ninyi mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnanyonya. Mwaka 2006 Taifa Stars ilikuwa timu ya watu wachache wenye moyo mgumu. Mtu angekesha kwa ajili ya Simba au Yanga, Stars ikicheza anauliza matokeo kesho yake, tena kwa adabu tu. Rais Kikwete akaingia madarakani, serikali ikabeba mshahara, akaletwa Mbrazili. Mbrazili! Neno lenyewe lilikuwa tiba kabla mgonjwa hajapimwa. Watu wakanunua jezi za bluu na za njano, wakina mama wakaenda uwanjani, na Juni 2007 Erasto Nyoni alipofunga bao pekee kule Ouagadougou tukaifunga Burkina Faso kwao, nakumbuka daladala zilipiga honi usiku ule kama vile kuna harusi kila mtaa.

Miezi mitatu baadaye Msumbiji wakaja hapa Dar es Salaam wakatufunga 1-0, safari ya AFCON ya Ghana 2008 ikafia hapo. Na hapo ndipo Wabongo tukamkumbuka kipa Juma Kaseja.

Maximo alikuwa amemwacha Kaseja nje ya timu. Sababu zilisemwa nyingi, sitazirudia kwa kuwa nyingine zilitungwa vijiweni, na nyingine, Mungu anisamehe, zilitungwa karibu na meza yangu. Golini alikuwa akikaa Ivo Mapunda. Kaseja alikuwa wa Simba. Basi ikawa hivi: kila bao lililoingia kwenye wavu wa Stars lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Mbrazili. Wa Msimbazi, yaani Simba, wakasema mgeni anatumiwa. Wa Jangwani, yaani Yanga, ambao wiki iliyopita walikuwa wanamwita mzungu wa kununuliwa, wakagundua ghafla kwamba nidhamu ni kitu muhimu sana katika maisha.

Mimi nilikuwa dawati la michezo la gazeti moja, kazi yangu mojawapo ni kuchagua meseji za wasomaji. Zilikuja za kila namna. Zipo zilizouliza mambo ya maana kabisa, kwamba mazoezi ya vijana yako wapi, kwamba ligi ikisimama kila mara kocha atawaandaa vipi wachezaji. Hizo hatukuzitoa. Tulitoa za Kaseja, kwa sababu ukiweka Kaseja gazeti linaisha kabla ya saa nne. Kwa hiyo siku mtu akiwaambia "wananchi wamemchoka kocha," mwulizeni ni wananchi gani, na nani alizichambua meseji zao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kocha jembe lenyewe ni orodha ya wachezaji. Siku anaisoma orodha yake ya kwanza, ugeni umekwisha, maana hapo tutahesabu: wa Simba wangapi, wa Yanga wangapi, Azam wamepata nini. Tulimleta ili asiwe wa huku wala wa kule, lakini kufikia jioni ameshapewa kadi ya uanachama.

Na Maximo hakuwa ovyo. Mwaka 2009 alitupeleka CHAN ya kwanza kabisa, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, tukawafunga wenyeji Ivory Coast kwa bao la Mrisho Ngassa. Akaondoka 2010. Halafu, muone mambo ya mpira, 2014 akarudi nchini kuifundisha Yanga. Mashabiki wa Simba waliokuwa wakisema tangu zamani "huyu ni wa kule" walipiga makofi kama watu walioshinda kesi. Yanga wenyewe walimtimua kabla mwaka haujaisha, baada ya kufungwa na mtani.

Emmanuel Amunike alipata jembe lake mapema zaidi. Huyu ni mtu aliyefunga mabao mawili ya fainali ya Afrika 1994, akafunga la ushindi wa dhahabu ya Olimpiki 1996, akachezea Barcelona. Alifika Agosti 2018, na kabla hajazijua barabara za mji akawaengua wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, kwa kuchelewa kuripoti kambini. Mvua ya matusi ikanyesha. Tulipofungwa 1-0 na Lesotho kule Maseru, kijiwe kizima kilikuwa na leseni ya ukocha. Machi 24, 2019 tukaifunga Uganda 3-0, tukafuzu AFCON baada ya miaka 39, na jioni ile Amunike akawa mwenzetu, Mwafrika mwenzetu, kaka yetu. Julai alikuwa ameshafungashiwa virago: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Niwe mkweli, ile ya Kenya iliniuma hata mimi. Tuliongoza mara mbili.

Sasa hapa pana jambo ambalo hulisikii sana likijadiliwa. Hivi mgeni ni nani? Baada ya Amunike alikuja Etienne Ndayiragije. Mrundi. Alishafundisha Mbao ya Mwanza, KMC na Azam, anasema Kiswahili, hahitaji mkalimani wala wa kumwonyesha njia ya Chamazi kwa Azam. Kwa karatasi ni mgeni sawa na Mbrazili. Kwa kijiwe hakuwa mgeni, na hakuwa mzawa. Hakupewa heshima ya mzungu ya miezi sita ya kwanza, ile ya "mwacheni ajenge timu", wala huruma ya mtoto wa nyumbani. Nadhani hakuna aliyekuwa na mahali pa kumweka.

Na ni yeye, Septemba 2019, aliyekwenda Bujumbura na timu yetu kucheza na nchi yake katika kufuzu Kombe la Dunia. Moja moja kule, moja moja hapa, penalti. Burundi hawakupata hata moja, tukashinda 3-0. Golini alikuwa nani? Kaseja. Yule yule, aliyeachwa na Mbrazili, aliyerudi na kuvaa kitambaa cha unahodha enzi za Mdenmark Kim Poulsen, akazeeka, akasahaulika, akaja kuokotwa na Mrundi. Siku ile sikuona meseji hata moja iliyouliza pasipoti ya kocha.

Mtaniambia mzawa anaonewa. Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine analindwa. Juni 2015 Mholanzi Mart Nooij alifungwa 3-0 na Uganda pale Amaan, Zanzibar, hakuiona wiki inayofuata. Akaja Charles Mkwasa, wa kwetu kabisa, na Novemba akaongoza 2-0 dhidi ya Algeria hapa nyumbani, ikaisha 2-2, siku tatu baadaye kule Blida tukala saba. Saba bila. Mkwasa aliendelea mpaka 2017. Hesabu hii nikiifanya peke yake namwonea Mkwasa, kwa sababu Nooij alikuwa ameshapoteza mechi zote tatu za COSAFA, kombe la nchi za kusini mwa Afrika, mwezi mmoja kabla. Lakini nakumbuka tulivyoandika. Kwa Nooij tuliandika "kocha." Kwa Mkwasa tuliandika "wachezaji."

Adel Amrouche nampitia haraka. Alitufuzisha AFCON ya Ivory Coast kwa suluhu pale Annaba, Algeria, kwao, Septemba 2023. Kenya walishamfukuza 2014, na deni lake likawasumbua mpaka FIFA. Sisi kilichomwondoa ni ulimi wake kuhusu Morocco: CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakamfungia mechi nane, timu akaachiwa Hemed, ambaye jina lake la utani, kama mnavyojua, ni Morocco. (Kicheko.) Mimi sikutunga.

Na Gamondi? Huyu ni mgeni wa aina mpya. Alikuja Stars akitokea Singida Black Stars, lakini kila mtu anamjua kwa Yanga, na kwa ile 5-1 ya Novemba 2023 ambayo sitaisema ilikuwa dhidi ya nani kwa kuwa naona skafu nyekundu tatu humu ndani. Kwa hiyo ile sababu ya kwanza ya kumtafuta mtu wa mbali, kwamba hana klabu, safari hii tuliiacha wenyewe.

La mwisho. Waulizeni wazee wenu nani aliipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika, Lagos 1980. Watasema Joel Bendera, na wana haki, maana ndiye wanayemhusisha na ile sare ya Ndola na bao la Peter Tino. Lakini kwenye benchi kule Lagos kulikuwa na Mpoland, Slawomir Wolk. Na katikati ya miaka ya 1970 alipita hapa Bert Trautmann, yule kipa Mjerumani wa Manchester City aliyemaliza fainali ya Kombe la FA 1956 akiwa na shingo iliyovunjika. Inueni mikono waliowahi kuwasikia hao wawili. Mmoja. Wawili. Wewe kijana wa nyuma sijui unajibu swali hilo au umeinua mkono tangu nilipomtaja Kaseja. Mpeni kipaza sauti.