Uchungu, Mapovu na Ubaridi: Spritsi ya Nyumbani
Mhadhara uliotolewa Shangani, Mtwara

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa nyote. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele.

Nianze na wasiokunywa pombe, maana nawaona wengi humu, na mimi mwenyewe nimelelewa Mikindani katika nyumba ambayo pombe haikuvuka kizingiti. Msiondoke. Nimekaa nyuma ya kaunta miaka 14, na nimejifunza kwamba spritsi, kinywaji cha mapovu kinachonyweka na barafu, siku hizi inasimama kwa vitu vitatu: uchungu, mapovu na ubaridi. Ukiitoa pombe, spritsi bado ipo. Ukiutoa uchungu, umebaki na soda.

Asili yake ni Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia, nchi ya Venice na Padova. Kuanzia 1815 mpaka 1866 eneo hilo lilitawaliwa na Austria. Husimuliwa kwamba askari waliotoka huko waliuona mvinyo wa Veneto mkali, wakawa wanaomba urushiwe maji. Kurusha maji kwa Kijerumani ni spritzen, na jina likabaki hapo. Kwa umri wake, hesabuni hivi: mwaka Veneto ilipojiunga na Italia ndio mwaka Livingstone aliposhuka hapa kwetu Mikindani kuanza safari yake ya mwisho ya bara.

Kwa hiyo spritsi ya kwanza ilikuwa mvinyo na maji tu. Mwenye chupa ya mvinyo mweupe wa Dodoma, ule usio mtamu, anaweza kuitengeneza leo hii: nusu mvinyo, nusu maji ya soda, kipande cha limau. Uchungu ulikuja baadaye. Campari, pombe chungu ya Italia, ilianza 1860. Ndugu wawili wa ukoo wa Barbieri walitoa Aperol, nayo pombe chungu, huko Padova mwaka 1919, na Select, ya aina hiyohiyo, ikatoka Venice mwaka 1920. Aperol ina machungwa machungu ndani yake, na chungwa chungu, jamani, ni danzi! Tunda ambalo bibi zetu walilijua vizuri, na sisi tunalipita likioza chini ya mti.

Kipimo cha Aperol ni tatu, mbili, moja: Prosecco, yaani mvinyo mweupe wa mapovu wa Italia, sehemu tatu, Aperol mbili, maji ya soda moja. Kwa glasi moja ni mililita 90, 60 na 30. Jaza barafu kwanza mpaka juu, mimina Prosecco, kisha Aperol, kisha soda. Ingiza kijiko mpaka chini, inua mara moja, basi. Usikoroge kama uji.

Hapa kwenye ubaridi naomba mnivumilie, maana ndipo wengi wanapoharibu. Mapovu ni gesi ya kaboni iliyoyeyushwa, na gesi hiyo hukaa ndani ya kinywaji kikiwa baridi. Kikipata joto inakimbia. Siku moja, mwezi wa 12, umeme ulikatika tangu asubuhi nami nikawamiminia wageni Prosecco ya vuguvugu juu ya barafu, nikidhani barafu itaokoa. Povu lilipanda likamwagika, barafu ikayeyuka, na kilichobaki kilikuwa maji matamu yenye rangi. Wageni wanane, na wote waliacha glasi nusu. Tangu siku hiyo chupa zangu zinalala kwenye deli la barafu kwa muda wa saa nne kabla ya kumimina, hata kama friji linafanya kazi. Na vipande vya barafu viwe vikubwa, maana vidogo huyeyuka upesi kwa joto letu hili.

Aina nyingine nitazipitia. Ukiweka Campari, punguza, maana ina nguvu na uchungu kuliko Aperol. Venice huiwekea zeituni ya kijani, na chumvi yake inapendeza. Cynar, pombe chungu nyingine, hutumia majani ya mboga iitwayo artichoki. Limoncello ni ya limau, tamu mno kwangu. Spritsi iitwayo Hugo ilibuniwa na Roland Gruber huko Naturno, milimani kaskazini mwa Italia, mwaka 2005. Siku hizi hutengenezwa kwa sharubati ya maua ya mti wa elda, nanaa na ndimu. Elda hatuna. Lakini asumini tunayo, hii hii ya kuvaa kichwani. Loweka maua machache yasiyopuliziwa dawa kwenye maji baridi usiku kucha, chuja, tengeneza sharubati. Mimi naipenda kuliko ile ya chupa.

Sasa ile isiyo na pombe. Chukua maganda ya madanzi matatu pamoja na utando wake mweupe, maana uchungu uko humo. Maji kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, chemsha dakika kumi, tia kijiko cha choya kavu kwa rangi na ukali, funika mpaka asubuhi, chuja. Kwenye glasi ya barafu weka vijiko vitatu vya chakula, kamulia nusu ndimu, ongeza maji ya toniki yaliyo baridi sana, malizia na maji ya soda. Toniki ina kwinini, kwa hiyo uchungu unaongezeka bila sukari ya danzi kuongezeka.

Na msimu wa korosho, tumieni bibo. Watu huhangaika kuuondoa ukakasi wake, wengine kwa kutia maji ya wali. Mimi nautaka. Ukakasi ule unakausha ulimi na kukufanya utamani funda la pili, kazi ileile ya uchungu wa Aperol. Kamua, chuja kwa kitambaa msichokijali kwa sababu utomvu hutia madoa yasiyotoka, na juisi yake muitumie siku hiyohiyo. Ikilala nje itaanza kugeuka uraka, yaani pombe ya mabibo, na hapo umemdanganya mgeni aliyekuambia hanywi pombe.

Kaka pale nyuma ameniuliza kama anaweza kutia gongo badala ya Aperol. Hapana. Sheria inakataza, na zaidi ya sheria, hujui kilichomo. Methanoli, aina ya pombe yenye sumu, imepofusha na kuua watu. Tena Aperol ni asilimia 11 tu. Glasi ya spritsi niliyowapimia ina karibu asilimia 9 kabla ya barafu kuyeyuka. Haiko mbali na mvinyo, na ubaridi unaificha, kwa hiyo mwekeeni mgeni karanga, korosho, kisamvu cha kuonja, chochote, na maji pembeni.

Mezani kuna majagi mawili. La kitambaa cheupe ni danzi na choya, halina tone la pombe. La kitambaa chekundu lina mvinyo. Glasi zake nimezitenganisha, na vijiko pia. Karibuni, wazee watangulie.