Friji Halikati, Linaunguruma Usiku Kucha: Kabla Hujajaza Gesi Tazama Hii

Sikilizeni kwanza, mimi nanyamaza. Mmesikia? Huo muungurumo ndio umenileta huku Temeke kwa shangazi yangu leo. Friji linawaka asubuhi mpaka asubuhi halikati, na shangazi anauza barafu za ubuyu na maji ya baridi hapa dirishani, kwa hiyo LUKU inakula faida yote. Ameshaletewa fundi, kaweka mkono kwenye mlango kidogo tu akasema gesi imeisha, lete hela tujaze. Shangazi akanipigia, nikamwambia usitoe hata mia, nakuja.

Gesi haiishi jamani. Hii nitaisema kila video mpaka mnichoke. Gesi ya friji sio mafuta ya taa, haiungui, inazunguka humo humo kwenye mabomba, inabeba joto la ndani inakuja kulimwaga huku nyuma, inarudi tena, miaka na miaka. Ikipungua maana yake kuna tundu, na anayekujazia bila kutafuta tundu atarudi kukujazia tena. Halafu angalia hapa, sogeza kamera, hizi barafu za shangazi zimeganda mawe kabisa. Friji lenye gesi ndogo haligandishi hivi. Kwa hiyo tatizo letu liko kwingine: ama joto linaingia ndani, ama joto linashindwa kutoka nje. Tunatafuta hayo mawili tu.

Kabla sijagusa kitu, wale wenye friji za inverta, zimeandikwa mlangoni, hizo kukaa zimewaka muda mrefu ni kawaida yake, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inapunguza mwendo badala ya kuzima, msinipigie. Na kama umenunua friji jana au umejaza nyama ya shughuli nzima, lipe siku moja kwanza.

Haya. Nobu ya baridi. Shangazi ameiweka 7. "Joto mwanangu, ndio maana." Najua shangazi, lakini saba ni kuliambia friji usipumzike. Hapa narudisha mpaka sifuri kwanza... tak! Mmesikia imekata? Vizuri sana, maana yake themostati, swichi inayopima baridi na kukata kompresa, inaweza kuzima. Ungezungusha mpaka sifuri kompresa ikaendelea kuunguruma, basi themostati imeng'ang'ania, badilisha hiyo, ni spea ndogo tu, Kariakoo zimejaa. Sisi yetu nzima. Nitaiweka 3 baadaye, mimi Dar hii napenda 3, mwezi wa kwanza na wa pili joto likipanda naweka 4, zaidi ya hapo sijawahi kuhitaji. Na ukishalizima hivi usiliwashe hapo hapo, subiri dakika 5, presha ndani ya mabomba itulie, la sivyo kompresa inajaribu kuondoka na mzigo inashindwa.

Chomoa plagi. Vuta friji mbele. Eeeh... leta mwanga huku. Mnaona? Hili wavu jeusi ndipo joto linapotokea, sasa limevaa koti la vumbi na utando wa buibui, na hiki kitambaa cha kufuma cha juu kimening'inia mpaka nyuma kimelifunika. Shangazi kitambaa kizuri, tutakihamishia kwenye tivii. Brashi laini, kavu, toka juu kwenda chini, usikwaruze mabomba. Na chini hapa kwenye kompresa pia. Hii kazi dakika 10, ifanye kila miezi mitatu, na ukirudisha acha nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Friji mpya nyingi hazina wavu, mabomba yamefichwa kwenye mbavu, ndio maana ukizigusa pembeni ni za moto, hizo usizibane na kochi pande zote.

Sasa tunakuja kwenye barafu na hapa naomba kila mtu aache anachofanya anisikilize. Fungua chumba cha juu. Barafu imejenga unene wa kidole, zaidi hata. Watu wanafurahi wanaona friji kali. Hiyo barafu ni blanketi, inazuia baridi isitoke kwenye bati, themostati inaona bado joto, kompresa inaendelea. Lazima itoke. Na inatoka kwa kuyeyuka, haitoki kwa kisu. Usitumie kisu. Usitumie bisibisi, wala kijiko, wala ule mwiko wa chuma.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilikuwa na haraka, friji la mama mmoja, barafu ilibaki kipande kama sahani, nikasema ngoja niikwangue kidogo na bisibisi. Nikasikia ssssss. Hiyo sauti mpaka leo naijua. Hili bati unaloliona ni alumini, na njia za gesi zimepita humo humo ndani yake, nyembamba, huzioni chini ya barafu. Gesi yote ikatoka mbele ya macho yangu, na yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimlipia friji kwa miezi minne. Kwa hiyo nikisema usitumie kisu sisemi kwa kusoma mahali.

Unafanya hivi: friji limechomolewa, mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, chini yake kitambaa, subiri. Yakipoa badilisha. Tandika matambara chini maana maji yatakuja mengi. Feni ikiwepo ielekeze ndani, inasaidia sana. Kipande kikilegea kitashuka chenyewe ukikigusa kwa mkono, kisiposhuka hakijawa tayari, kiache. Mdogo wangu weka hicho kisu chini. Nimekuona. Hata kwa kuonyesha tu, weka chini.

...Tumerudi, saa moja na nusu imepita, barafu za shangazi tumeziweka kwenye boksi la baridi la jirani. Sasa mlango. Kipimo cha noti: weka noti ya elfu kati ya mpira na friji, funga, vuta. Ikikaza mpira unashika. Hapa juu inakaza. Pembeni inakaza. Huku kwenye bawaba inakaza. Chini... inakaza kiasi. Basi mpira mzima, tunaosha kwa maji ya sabuni, tunaendel... ngoja. Ngoja, rudisha kamera pale. Zima taa. Aah, simu yangu nimeisahau ndani tochi inawaka, na ule mwanga unatoka wapi? Kona ya chini upande wa bawaba, mnauona ule mstari? Noti imetudanganya kwa sababu sikuipitisha kwenye kona yenyewe. Kwa hiyo fanyeni hivi hivi, tochi ndani, giza nje, zungukeni mlango wote taratibu, kona zote nne. Hewa ya Dar ina maji mengi, inapita hapo usiku kucha inakwenda kuwa barafu kule juu. Ile barafu ilianzia hapa.

Mara nyingi mpira umejikunja tu, unaupasha na draya ya nywele kwa mbali huku unauvuta kwa vidole, unarudi. Huu umechanika, upashe mpaka kesho haurudi. Nimekuja na mpya, ndio biashara yangu hii kama mlikuwa hamjui, natengeneza mipira ya milango kwa kipimo, unanitumia urefu na upana kutoka ukingo mpaka ukingo, na picha ya mpira wako ulivyo kwa ubavu, maana zinafanana kwa mbele lakini mgongo unatofautiana. Namba iko kwenye skrini.

Wa zamani unavuta tu, huu wa kwake umechomekwa kwenye mfereji, zingine zina skrubu chini ya mdomo wa mpira, legeza usizitoe zote. Mpya ukitoka kwenye mfuko una mikunjo, uanike juani dakika 15 ulainike. Anza na kona, kona zote nne kwanza, halafu ndio ujaze katikati. Ukianza upande mmoja ukazunguka, kona ya mwisho itakuwa imevutika, na tunarudi kwenye mwanga ule ule.

Tochi tena. Giza. Hamna kitu, safi.

Chomeka, nobu 3. Umeme... umekatika. Hewala. Umerudi, subirini, msiguse, zile dakika 5 zangu bado zipo hata umeme ukirudi wenyewe, kwa hiyo kama huna friji gadi, kile kifaa cha kuchomekea friji kinachochelewesha umeme, nunua, inasubiri kwa niaba yako.

Wakati tunasubiri niwape hesabu. Friji linalokula wati 120 likiwaka nusu ya siku ni yuniti 1.44. Likiwaka siku nzima ni 2.88, kwa mwezi inapita 86. Wenye bei ya watumiaji wadogo wanajua mpaka wao ni yuniti 75, kwa hiyo friji peke yake limeshakutoa kwenye bei yako kabla hujawasha hata taa.

Ukifanya yote haya na bado halikati na pia haligandishi, barafu inashika kakona kamoja tu bati lililobaki kavu, hapo ndio tunaongelea gesi. Mwite fundi na umuulize tundu liko wapi kabla ya bei. Na kama stika ya kompresa imeandikwa R600a, hiyo gesi inashika moto, asiwashe gesi ya kuchomelea humu ndani sebuleni kabla hajaitoa yote nje, madirisha wazi.

Leo ni asubuhi ya pili, nimelala hapa hapa kwa shangazi kwa ajili yenu. Glasi ya maji niliyoiacha rafu ya kati usiku kucha, kipimajoto kinasema nyuzi 4. Barafu mpya zimeganda. Saa nimeishika mkononi, limewaka dakika 16... sikilizeni...

Tak. Limekata. "Mbona kimya hivyo, limekufa?" Hapana shangazi, limepumzika.